Tangi Chini ya Kiti cha Abiria

Ijumaa ile Clemens Mayala alizima pampu saa kumi jioni, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akachukua kijiti chake akaenda kupima mafuta ya gari.

Kijiti kilikuwa cha mgunga, kimechongwa kwa kisu na kutiwa alama kila lita tano. Geji hakuiamini. Land Rover ile ilitengenezwa mwaka 1974, na geji yake ilikufa kabla Clemens hajaoa. Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, mkewe Asteria yuko kaburini mwaka wa nne, na geji bado inaonyesha nusu.

Alikuwa fundi wa pampu. Jumatatu hadi Ijumaa alivuta maji kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu. Ijumaa jioni alirudi Shinyanga, mtaa wa Ndembezi, kwenye nyumba ya vyumba vinne isiyo na mtu. Wachimbaji walimtania.

"Mzee Pampu, unamwahi nani huko?"

Aliwasha injini akaondoka. Mtu hurudi nyumbani kwa sababu ni nyumbani.

Kwa miaka sita tangi la gari halikuweza kumfikisha. Mafuta yalimpungukia kila safari, naye akawa anasimama Njiapanda ya Mwabusalu, kabla ya Kahama, mahali penye nyumba moja ya bati na meza ya miti iliyopangwa chupa za petroli. Hapo ndipo alipouza Mama Rebeka.

Mama yule hakumuuzia mtu asiyemjua jina. Siku ya kwanza alishika faneli mkononi, akamtazama Clemens kama karani wa kijiji.

"Jina?"

"Clemens."

"Clemens ng'wana nani?"

"Mayala."

"Mayala wa nani?"

"Wa Masalu. Mama, nimekuja kununua petroli, sikuja kuposa."

Alicheka mpaka faneli ikamdondoka. Tangu siku hiyo, gari halijasimama vizuri, tayari anaita na kumsalimu kwa Kisukuma: "Clemens, ng'wana Mayala, wa Masalu! Mwadila, baba!" Asteria alipokufa, hakubaki mtu mwingine duniani aliyemwita Clemens jina lake lote. Machimboni alikuwa Mzee Pampu. Mtaani alikuwa mzee wa Land Rover. Naye alimwita mama yule Mama Rebeka, kwa jina la mwanawe, kama walivyomwita wote.

Lita tano. Ndizo alizonunua kila Ijumaa. Kabla ya kumimina, Mama Rebeka alidondosha tone moja chini. "La waliotangulia," alisema, kisha akamimina.

Mwezi wa tano mama yule alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha mara tatu tatu.

"Wameniandikia hospitali ya Shinyanga," alimwambia. "Lakini basi linanitapisha, baba. Sifiki."

"Ijumaa ijayo jiandae. Nitakupitia, nikufikishe mpaka getini."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi sipandi gari la mtu mwingine."

Wiki hiyohiyo ndipo Marselino, fundi wa kuchomelea pale Nyarugusu, alipomaliza tangi la pili. Clemens alikuwa amemwagiza tangu Pasaka. Lilikuwa la bati nene, la lita arobaini, limekaa chini ya kiti cha abiria, na koki yake ya kubadilishia iko karibu na goti la dereva. Marselino aliligonga kwa ngumi.

"Sasa mzee, hata kujisaidia utasahau kusimama."

Walicheka wote wawili.

Ijumaa iliyofuata Clemens alifika Njiapanda ya Mwabusalu jua likizama. Akageuza koki bila kupunguza mwendo. Injini haikukohoa hata kidogo! Moyo wake ukajaa fahari. Akamwona Mama Rebeka amesimama kando ya barabara, kitenge kipya, furushi kichwani. Akadhani anakuja kumuuzia. Akapiga honi mara mbili, maana yake leo mafuta ninayo, akapita.

Kwenye kioo aliuona mkono wa mama yule umeinuliwa. Kisha vumbi.

Ahadi yake hakuikumbuka. Hakusimama, kwa hiyo hakukumbuka. Kwa miaka sita mambo yote ya pale aliyakumbuka akiisha kuzima injini.

Jumamosi asubuhi alipima tangi la pili. Lilipungua lita tano zaidi ya hesabu. Akalala chini ya gari na tochi. Pakavu. Ijumaa ya pili alipita tena njiapanda, giza likiingia, akaona mtu amesimama na furushi palepale. Akapiga honi. Kesho yake kijiti kilisema vilevile: lita tano, wala si nne, wala si sita.

Jumatatu Marselino alipaka povu la sabuni kwenye kila mshono. Halikutoa hata kipovu kimoja.

"Halivuji, mzee. Labda unakunywa."

Hiyo ndiyo sababu Ijumaa hii, ya tatu, alipima mafuta kabla ya kuondoka, akakusudia kusimama mahali fulani katikati ya safari apime tena. Na mahali alipozoea kusimama palikuwa pale njiapanda tu.

Alifika saa kumi na mbili na nusu. Akazima injini.

Ukimya.

Na ukimya ulipoingia ndani ya gari, ndipo alipokumbuka. *Nitakupitia. Mpaka getini.* Akashuka garini.

Nje, mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa anafunga mikeka kwa kamba. Hakuwahi kumwona, ila pua na paji la uso vilikuwa vya mama yake.

"Mwadila, mama," alisema Clemens. "Wewe ndiwe Rebeka?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

Rebeka alilitazama gari kwanza. Halafu akamtazama yeye.

"Ni wewe wa Land Rover."

"Ndiyo."

"Mama tumemzika. Leo ni wiki mbili tangu afariki." Aliongea polepole, bila hasira, na hilo likawa baya zaidi. "Alikaa pale kwenye jiwe na furushi lake. Mabasi mawili yalisimama kumchukua, akakataa. Alisema gari lake linakuja. Likaja, likapiga honi. Akarudi kukaa. Nilipomfuata na uji alikuwa bado amekaa... lakini ameshapoa."

Clemens aliligeukia lile jiwe. Lilikuwa tupu.

"Kesho nahamia Nkome, kwa mama mdogo, nikaanike dagaa. Hapa sikai." Akaonyesha meza kwa kidevu. "Petroli tuliacha kuuza siku ya msiba. Chupa nilizimimina zote mimi mwenyewe. Lakini kila Jumamosi asubuhi nazikuta zimejaa tena."

Mezani palikuwa na chupa tano za lita moja. Nne tupu.

Ya tano ilikuwa inajaa.

Hapakuwa na mkono wala mpira. Petroli ilipanda taratibu ndani ya chupa, nyekundu katika mwanga wa mwisho, mpaka shingoni. Kisha ikasimama. Na ardhini, mbele ya meza, udongo ukalowa tone moja.

"Mchukue," alinong'ona Rebeka. "Ulimwambia utamchukua. Mchukue, baba, nipate kulala."

Akabeba mikeka, akaingia ndani. Clemens akasikia komeo.

Alisimama peke yake barabarani. Angeweza kuwasha gari na kukimbia. Lakini angekimbilia wapi na tangi lile? Alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria.

"Karibu, Mama Rebeka," alisema. "Nimechelewa. Nisamehe."

Alisubiri.

Harufu ikaja kwanza. Petroli, na udongo mbichi uliochimbwa, na sabuni ya kitenge kipya. Kisha springi za kiti zikalia... kii... na ngozi ya kiti ikabonyea katikati.

Akafunga mlango kwa adabu, kama anavyofungiwa mgeni.

Kutoka hapo hadi Kahama hakugeuza shingo. Chini ya kiti mafuta yalicheza ndani ya tangi, chwa... chwa... kwa mwendo wa mtu anayehema. Walipopita Isaka taa za malori ziliangaza ndani ya gari, naye akaona kwa pembe ya jicho kwamba kiti ni kitupu. Taa zikapita. Gizani, karibu sana na bega lake, kikohozi.

Kikavu. Mara tatu.

Halafu sauti, ndogo, isiyo na kinyongo.

"Clemens... ng'wana Mayala... wa Masalu."

Machozi yalimtoka. Alijiambia ni ya hofu.

Geti la hospitali ya Shinyanga lilikuwa limefungwa nusu. Askari wa zamu, mtu mnene mwenye koti la mvua, alikuja na daftari na tochi. Akamulika ndani, upande wa abiria.

"Pole, mama," alisema. Kisha akamgeukia Clemens. "Mgonjwa wako huyu ana hali mbaya, mzee. Mbona ana udongo usoni? Ameanguka?"

Clemens aliushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Tuandike, apite. Jina lake?"

"Mama Rebeka."

"Hilo jina la mwanawe. Yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Chini ya kiti, tangi likanyamaza.

Miaka sita. Kila Ijumaa. Alitajwa yeye, na baba yake, na babu yake, hata siku moja hakuuliza, *na wewe je, mama, ng'wana nani?* Alitafuta kichwani kama mtu anayepapasa funguo gizani. Hapakuwa na kitu.

"Simjui jina," alisema.

Askari alimtazama kwa dharau. Akainama dirishani. "Basi taja mwenyewe, mama. Unaitwa nani?" Akatega sikio. Akatikisa kichwa, akanyooka.

"Anasema la kwako analijua mpaka la babu yako." Akafunga daftari. "Mzee, mtu asiye na jina siwezi kumwingiza. Nenda kaulize kwao, umrudishe."

Clemens alilirudisha gari nyuma. Ngozi ya kiti cha abiria haikuinuka.

Hayo yalitokea mwezi wa sita, na sasa mvua za vuli zimeanza. Rebeka yuko Nkome, kwenye vichanja vya dagaa, na kutoka Nyarugusu si safari ya kumshinda mwenye gari. Ni kufika, kusalimia, kuuliza jina moja, kurudi getini. Marselino amemwambia hivyo mara tatu, akajitolea kwenda naye. Clemens hujibu kwamba ataenda wiki ijayo.

Tangi la pili halipungui tena. Kijiti hutoka kimelowa hadi alama ya arobaini, Jumatatu na Ijumaa, haijalishi amekwenda wapi. Ngozi ya kiti imebaki na shimo lake. Mtu akitaka lifti, Clemens humwambia akae nyuma.

Amekonda. Ameanza kukohoa, na wachimbaji wamegundua kwamba hukohoa mara tatu, hunyamaza, hukohoa mara tatu.

"Mzee Pampu, nenda hospitali," wanamwambia.

Ijumaa saa kumi huzima pampu, hunawa mikono, hufungua kwanza mlango wa abiria na kuufunga tena. Kisha huzunguka upande wake. Huwasha injini, na kabla ya kuingiza gia hukaa kidogo, kichwa kimeinama, akisubiri aitwe kwa jina lake lote.

Huitwa.