Mgeni Asiyeagwa

Wengine watakuambia jini huja usiku wa manane, mbwa wakilia. Waongo. Huyu wa mtaa wa Mangobo alikuja mchana, saa ya kula, jua limesimama juu ya mabati, na dalili yake ya kwanza ilikuwa mguu.

Naomie alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya studio, casque ameshaivua masikioni, sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, magotini. Wimbo ulikuwa umezimwa. Lakini mguu wake wa kulia uliendelea kupiga sakafu, tu-tu-ta, tu-tu-ta, mapigo yale yale ya wimbo, na mwenyewe anakula tu.

"Naomie, acha basi ile mguu," Ramla akasema. "Niko nasikiliza kitu huku."

"Mguu gani?" Naomie akatazama chini. Akalibana goti kwa mkono. Mguu ukatulia kidogo, kisha ukaanza tena.

Wakacheka. Jeancy, aliyekuwa kwenye mashine ya kurekodi, akasema huo ndio wimbo wenyewe sasa, wimbo unaokataa kutoka mwilini.

Na waache wacheke, walikuwa wamekosa kicheko kwa muda mrefu. Wote watatu walimaliza chuo kikuu hapa hapa Kisangani: Ramla na licence ya anthropologie, Jeancy ya sheria, Naomie ya kilimo. Kazi walizosomea hazikuonekana hata kwa dawa. Kila ofisi waliambiwa waache barua, waende nyumbani, wangoje. Basi wakaingia kwenye mambo ya utamaduni. Jeancy alikata magodoro akayabandika ukutani, chumba kikawa studio. Ramla akapata kipindi cha mila kwenye radio moja ya mtaa. Naomie akaimba. Baba yake Jeancy aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni avocat, wakili mzima, anangoja tu. Miaka ikaenda kwa matangazo ya sabuni na nyimbo za harusi za watu wasiojua kuimba, mpaka walipotoa "Zunguka".

Ngoma ya "Zunguka" aliileta Ramla. Alipokuwa mwanafunzi alirekodi kikundi cha bibi yake mwenyewe, Koko Mwavita, aliyekuwa mwenye ngoma za majini wa Wangwana, Waswahili wa zamani wa mji huu. Ngoma aliyoipenda Ramla zaidi ilikuwa ya Bwana Hamduni, jini wa pwani aliyepanda mto na misafara ya zamani, akaona mji, akakaa. Ramla aliandika mémoire ya kumalizia chuo juu yake, akapata distinction. Mbele ya maprofesa alieleza vizuri kabisa kwamba ngoma hiyo ina milango miwili, mmoja wa kumwita mgeni na mmoja wa kumuaga, na kwamba haikatwi katikati. Halafu Koko akafa. Ramla akachukua ule mlango wa kumwita, kipande kifupi, kitamu, Jeancy akakifanya kijizungushe wimbo mzima, Naomie akaimba juu yake. Mlango wa pili Ramla aliufuta kwa sababu mashine ilikuwa imejaa. Msomi mzima!

Wimbo ukashika mji. Saluni, baa, pikipiki za abiria, wauza samaki wa mtaa wa Makiso, kila simu ilikuwa inaupiga. Na kila ulipopigwa karibu, mguu wa Naomie uliitika, kisha miguu yote miwili, kisha kiuno. Alikuwa akikaa nyumba moja na Ramla, nyuma ya studio. Umeme ukirudi ghafla mchana, radio zote za avenue zikawaka pamoja, Naomie aliacha nguo ndani ya maji akaanza kuzunguka uani, macho wazi, hasikii akiitwa. Nyumba ikawa inanuka karafuu na ngozi mbichi, na hakuna aliyepika wala kuchinja. Ramla alianza kusikia viatu vizito vikiburutwa nje ya mlango, taratibu, viatu vya mtu aliyetoka mbali, na akifungua anakuta uwanja mtupu.

"Dada Ramla," Naomie akanong'ona siku moja, nyayo zake zimechanika, "kuko mutu juu yangu. Akikaa, sipumui. Nzambe na ngai, nitakufa."

"Hautakufa."

"Unajua aje?"

Ramla akachana kanga kuukuu. Akamfunga vitambaa miguuni.

Mama yake Naomie alileta pasta. Pasta akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akiamuru, akitoa jasho. Wakati huo huo kinyozi wa jirani akafungulia "Zunguka". Naomie akasimama, akazunguka mara nyingi kwa kasi ya kutisha, halafu akaketi wima kwenye kiti cha plastiki, magoti mbali, mikono juu ya mapaja, kama mzee wa kiume anayengoja kuhudumiwa. Akamtazama pasta.

"Wewe hukuniita," akasema kwa sauti nzito. "Basi usinifukuze."

Pasta alichukua Biblia yake, viatu akaviacha.

Naomie ni mtoto wa Walokele. Lugha yake ni Lingala, Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya. Lakini kinywa chake sasa kilisema Kiswahili cha kale, kilichonyooka, ambacho Ramla alikuwa amekisikia kwa wazee wa msikitini tu.

"Kahawa iko wapi?"

"Weye ni nani?" Ramla akauliza, ingawa alishajua.

"Waniita kwa jina langu, kisha waniuliza mimi nani? Nyumba gani hii isiyo na adabu? Naja, naketi. Sipewi kahawa. Nangoja, siagwi. Nikiinuka, naitwa tena! Mara kwa kinyozi, mara kwa muuza mafuta, mara kwa mtoto wa pikipiki. Mimi, Hamduni, mtu wa heshima zangu! Nimechoka, binti. Na kiti changu hiki kinavunjika. Kikivunjika nitatafuta kingine."

Kiti ni mtu anayekaliwa na jini, na kiti chenyewe kilikuwa Naomie, jasho linamtiririka, midomo imekuwa ya majivu. Ramla akapiga magoti. Maneno ya Koko yalikuwa bado kichwani mwake, aliyakariri kwa ajili ya maprofesa, na sasa akayatoa kwa sauti ndogo iliyokatikakatika:

"Bwana Hamduni, njia nyeupe. Kahawa umekunywa, nyumba umeiona. Toka na heri, tuachie heri."

"Kahawa sikunywa," jini akasema. Lakini akaguna, akainuka, na Naomie akaanguka kifuani mwa Ramla akilia kwa sauti yake mwenyewe.

Jeancy, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, aliruka kwa furaha. "Bon! Dawa tunayo! Tunaingiza yale maneno ku mwisho wa wimbo, tunatuma version mupya ku radio zote. Kila mara wimbo inapigwa, bwana anaitwa, bwana anaagwa. Kwisha!"

Ilikuwa na akili. Wakarekodi siku hiyo hiyo, sauti ya Ramla mwishoni, wakaituma kwanza kwa Henri, animateur, mtangazaji anayesikilizwa kuliko wote mjini, rafiki waliyesoma naye. Henri akaahidi kuipiga kesho yake adhuhuri.

Adhuhuri ikafika. Ramla alikuwa amemkumbatia Naomie sakafuni, Jeancy ameshika radio. Ngoma ikaanza, na Naomie akakakamaa, na ile harufu ya karafuu ikaingia chumbani kwa nguvu mpaka macho yakawawasha, na viatu vikaburutwa kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba bila mtu kuonekana, na uzito ukashuka juu ya mabega ya Naomie hata Ramla akausikia mwilini mwake, na ngoma ikazunguka, ikazunguka, dakika zile zikawa hazipiti, mpaka mwishowe ikapungua, na sauti ya Ramla ikatoka radioni, Bwana Hamduni, njia nyeupe, na Naomie akaanza kuvuta pumzi, na uzito ukaanza kuinuka.

"Eeeeh, Boyoma, Kisangani yetu!" Henri akaingilia, amefurahi, wimbo unafifia nyuma yake. "Hiyo njo Zunguka mupya! Nasalimia Mama Adèle wa Kabondo, nasalimia timu muzima ya..."

Naomie akapiga yowe ambalo avenue yote ililisikia.

Ramla alimpigia simu hapo hapo, analia kwa hasira. "Henri! Juu ya nini umekata mwisho?"

"Ramla, ma chère, radio haichezaka wimbo mpaka ku mwisho. Unajua vizuri, we mwenyewe unafanyaka vile. Mwisho njo saa ya kusalimia batu."

"Rudisha! Cheza mwisho peke yake!"

"Mwisho peke yake? Donc nicheze mutu anaaga? Batu watasema radio inafungwa."

Ramla akaitupa simu. Hasira ilimjaa, na mbaya zaidi, Henri alikuwa amesema kweli: yeye mwenyewe, kwenye kipindi chake, hakuwahi kuacha wimbo hata mmoja uishe.

Akarudi kupiga magoti, akaanza maneno ya kuaga kwa kinywa chake. Jini akainua mkono wa Naomie kumnyamazisha.

"La. Umenifungulia mlango, kisha umenifungia usoni mbele ya mji mzima. Sitoki kwa maneno matupu tena." Damu ilikuwa inatoka puani mwa Naomie, polepole, na jini hakuifuta. "Ngoma yangu haina mwenyewe tangu Mwavita azikwe. Nataka mwenyeji. Awe na kahawa tayari, aniage kwa kinywa chake, na kila niitwapo nije kwake, nitoke kwake. Nipe mwenyeji, au nikae hapa mpaka kiti kivunjike. Chagua upesi, kinavunjika."

Koko Mwavita aliwahi kumwomba Ramla airithi ngoma. Ramla alimjibu kwamba yeye hakusoma ili aje kufukizia majini ubani. Akaenda kuyaandika badala yake. Sasa akamtazama Naomie, na alikasirika na kila mtu: na Koko, na Henri, na chuo, na mji huu unaosomesha watu halafu unawaacha wajitafutie, na yeye mwenyewe zaidi ya wote.

"Ramla, usijibu," Jeancy akanong'ona kutoka mlangoni. "Tafadhali. Tutafute mutu mwengine."

"Mutu gani? Muonyeshe!" Akamgeukia jini. "Njoo kwangu. Muache huyu."

Uzito wa mtu mzima ukakaa mabegani mwa Ramla, baridi, bila haraka. Naomie akafungua macho, akauliza kwa Lingala kwa nini wote wanalia. Mguu wake ulikuwa umetulia.

Naomie akapona. Alirudi kwa mama yake, na hata leo akisikia ngoma huvuka barabara. Ramla akajifunza kazi. Termosi ya kahawa ya tangawizi haikukosekana. Wimbo ukilia popote mjini, mabega yalishuka, akamimina, akaaga, akaachwa. Kipindi cha mila walimnyang'anya, kwani mtangazaji anayekata sentensi hewani na kuanza kuiaga hewa, nani atamvumilia? Alizunguka radio zote akiwasihi waache kuupiga wimbo wake mwenyewe, na watu wakamwona amerukwa na akili. Lakini nyimbo huzeeka. Mji ukapata mwingine wa kuchezea. Bwana Hamduni akaanza kuja mara chache, akapita siku nzima bila kuja, na Ramla akalala, akanenepa kidogo, akaandika hata barua ya kuomba kipindi kipya.

Asubuhi moja Jeancy akaja, shati jipya, karatasi mkononi, uso wake haujui ucheke au ukimbie.

"Ramla, usikasirike kwanza. Kampuni moja ya simu, ya Kinshasa. Wamechukua Zunguka. Mutu akipiga simu, mbele bamujibu, ile ngoma njo atasikia akingoja. Inchi muzima."

Ramla akakaa chini. "Wanapiga ile mupya, yenye mwisho?"

"Wanataka tu ile kipande ya mwanzo."

"Ulisaini lini?"

Jeancy akatazama viatu vyake. "Ile siku ulikuwa unamushika Naomie. Walinipigia nikiwa pale ku mlango. Ningesema apana? Miaka yote hii, Ramla! Weye ungesema apana?"

Ramla akaivuta termosi karibu. "Inaanza lini?"

"Leo."

Ng'ambo ya ua, jirani alikuwa amesimama na simu sikioni, anangoja mumewe ajibu. Ramla hakusikia ngoma yoyote. Alisikia viatu. Mabega yakashuka, akanyoosha mkono kwenye termosi.

"Bwana Hamduni, njia nyeupe. Kahawa ume..."

Mabega yakainuka, yakashuka tena, mwingine mahali fulani ameshapiga simu, kahawa ikamwagika juu ya meza. Akaanza upya. "Bwana Hamduni, njia..." Akaanza upya. "Bwana Hamduni..." Jasho likamtoka, macho yakamkodoka, mkono mmoja unamimina, mwingine umeshika meza, na Jeancy akabaki amesimama na karatasi yake, akingoja Ramla amalize ili wazungumze.

Hakumaliza.