Hina ya Kadija Ilikataa Kufifia

Mwezi wa saba, mwaka wa sitini na tano, nilishuka Uvira kupumzika kwa mama mdogo wangu, Nyiramana. Nilitoka chuo kikuu Léopoldville na sanduku moja na rangi ya mdomo, ambayo mama mdogo, Mprotestanti wa milimani, aliitazama mara moja tu akauliza, "Mwanangu, ni nini imekuuma kwenye mudomo?"

Asubuhi nilikaa barazani kutazama wanawake wakienda sokoni. Mji ulikuwa umetoka mikononi mwa waasi mwaka uliotangulia. Nyumba nyingi hazikuwa na milango, lakini wanawake walikuwa wamejipamba. Wasichana wa milimani walishuka ngozi zinang'aa kwa samli, nywele zimenyolewa kwa mistari inayopinda kama mwezi mchanga. Wa Kiislamu, wajukuu wa wafanyabiashara wa ziwani, walitia wanja hadi macho yao yakawa yanafika kabla yao. Nilifurahi. Niliona hilo ni jibu tosha: mmetupiga, mmetuchomea, na bado tunapendeza.

Ng'ambo ya ua wa matete aliishi Kadija. Tulilingana umri. Kutwa alikaa peke yake kwenye mkeka, mikono magotini, viganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Hina yake ilipita zote nilizoziona mjini: maua membamba, wekundu uliokolea hadi weusi kwenye ncha za vidole.

"Nani anakupaka?" nikamwuliza.

"Hakuna."

"Kadija, maua hayajichori."

"Nilipakwa siku ya harusi." Akashusha sauti. "Mwaka jana, mwezi wa tano."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alimasi, mumewe, alichukuliwa na waasi jioni ya harusi, kabla hajaingia chumbani. Wengine walisema amekufa njia ya Fizi, wengine wamemwona mjini Baraka na bunduki. Na ukoo wa mzee Sumaili, baba mkwe, ulikuwa na desturi yake: bibi harusi haondoki nyumba ya mumewe mpaka hina ya harusi iishe. Kaka yake Kadija alikwisha kuja kumdai. Mama Alimasi alimwinua tu mkwewe mkono: "Muone wenyewe. Bado ni bibi harusi." Kaka akarudi alikotoka.

Nilikasirika. Chuoni nilikuwa nikiwashinda wavulana kwenye midahalo kwa jambo moja: kutazama pale ambapo mpinzani hataki utazame. Nikatazama kucha. Ukucha hukua, hina husukumwa mbele, na shinani hubaki mwezi mweupe. Kucha za Kadija zilikuwa nyekundu mpaka kwenye nyama.

"Mama mkwe anakupaka ukiwa umelala," nikanong'ona.

"Dada, miye silali."

Mama mdogo alinionya. "Wacha nyumba ya watu, Louise. Weye utarudi chuo. Yeye iko anabaki."

Ijumaa kaka yake Kadija alipokuja tena, nilivuka ua bila kuitwa. Nikamwambia mzee Sumaili usoni kwamba kumfunga binti kwa rangi itokanayo na majani ni dhuluma, na nitaithibitisha. Mzee alikuwa mpole. Alisema, "Thibitisha."

Nikamkwangua Kadija kucha kwa wembe hadi zikawa nyeupe. Nikamfunga mikono kwa kitambaa, nikashona ncha zake kwa uzi. Akaingia chumba cha harusi, dirisha likapigiliwa misumari. Wanaume wakaenda kusali. Mama Alimasi akakaa uani, mbele ya macho yangu. Mimi nikauegemea mlango.

"Huyu mutoto wa chuo," akasema, "atashitaki hata malaika."

"Nitaanza na wewe, mama."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimpenda kidogo.

Joto likapanda. Njia ikanyamaza. Hata ziwa lilinyamaza. Kisha, nyuma yangu, ndani, nikasikia mtu akipuliza. Polepole. Kama unavyopuliza rangi ili ikauke.

"Kadija?"

Pumzi haikukoma.

"Kadija, ni wewe unapuliza?"

"Hapana."

Sauti yake ilitoka kona ya mbali. Pumzi ilikuwa kwenye ubao wa mlango. Karibu na sikio langu.

Sikufungua. Ningefungua, wangesema nimeharibu jaribio.

Wanaume waliporudi nilikata uzi mwenyewe. Uzi ulikuwa mzima. Kitambaa kilikuwa kikavu. Ndani yake, kucha zilikuwa nyekundu mpaka kwenye nyama, na hina ilikuwa mbichi.

Sikukubali. "Anayepaka hina huchafuka vidole! Mpakaji yupo, na ana mikono. Wote, onyesheni!"

Mzee Sumaili akafungua viganja. Kaka akafungua. Mama Alimasi akaninyooshea vyake kama yuko kwa daktari. Safi. Nikageuza vyangu. Safi.

Kadija akageuka ili akae. Ushungi ukamteleza. Nyuma ya shingo, penye nywele laini, palikuwa na alama za vidole. Nyekundu. Mbichi. Cha shahada. Cha pete. Kile kidogo. Katikati, pengo.

Mama Alimasi aliinuka. Hakupiga kelele.

"Kidole cha kati cha mwanangu, kamba ya wavu ilikikata," akasema. "Alikuwa mudogo hivi." Akashusha kiganja usawa wa goti.

Mzee Sumaili alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Binti, umesema mupakaji yuko, na ana mikono. Tumekusikia. Basi mume yuko. Ndoa iko."

Nikasema mfu hana mke. Nikasema kama yu hai, aje amdai kwa mlango kama wanaume wengine. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Kaka yake Kadija alikwisha kushika baiskeli. Hakumuaga dada yake kwa mkono. Aliogopa kumgusa.

"Twende," nikamnong'oneza Kadija. "Sasa hivi, mimi na wewe."

"Niende wapi, dada?" Hakugeuza kichwa. "Bado iko amenishika."

Mpaka leo nasema ile ilikuwa dhuluma. Sijapata wa kumshitaki.

Kesho yake, kabla ya lori la Bukavu, nilikwenda kumuaga. Alikuwa kwenye mkeka uleule, peke yake, viganja juu. Sasa alikuwa ametiwa wanja pia: mistari myembamba, imenyooka, kazi ya mkono usiotetemeka. Ukimtia mtu wanja, lazima uegemeze gumba shavuni pake. Sikutaka kutazama. Nikatazama.

Alama ya gumba ilikuwepo, nyekundu. Nikatoa leso nimfute. Leso ilirudi nyeupe. Nikaigusa alama kwa kidole.

Ilikuwa na joto, na shavu lake lote lilikuwa baridi.