C Haikuwa Komini

Asubuhi ile ya Jumatano, kama asubuhi zote, Ngalula alimpelekea Kaku Mbuyi maji ya kunawa, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki penye jua, kisha akafagia uwanja. Kaku ndiyo bibi kwa watu waliotoka Kasai, na huyu wa kwao alikuwa bibi hasa. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini ulimi wake! Ulimi ule ulikuwa mkali vilevile.

"Siku ya sauti yangu iko lini?" Kaku aliuliza.

"Jumamosi, Kaku. Nimekwambia mara kumi."

"Basi niambie ya kumi na moja. Mutoto hachoke kujibu mukubwa."

Ngalula alicheka, akamwambia ya kumi na moja. Kisha akavaa sare yake ya buluu na nyeupe, akatoka mbio, maana mitaa ya komini ya Kenya, yaani wilaya yao mjini, si nchi ile, inapojaa pikipiki na vikapu vya wauza mboga, mwenye kuchelewa dakika tano huchelewa ishirini.

Shule yao ilikuwa na kompyuta kumi, na kila Jumatano na Ijumaa mchana Madame Laurentine, mhandisi wa kompyuta, alikuja kufundisha kilabu. Ngalula alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye na rafiki yake wa chanda na pete, Princesse, walikuwa wametengeneza programu ya watoto wa darasa la kwanza. Picha ya kitu hutokea kwenye skrini, chini yake neno limeandikwa, na mtoto akibonyeza, sauti hulitamka. Sauti hiyo ilikuwa ya Kaku Mbuyi. Maneno arobaini aliyasema moja moja mbele ya simu: maji, moto, jembe, njia.

Hebu fikiri! Kaku hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, maana alipokuwa mdogo wenzake walienda shule yeye akabaki kulea wadogo zake. Sasa sauti yake ingefundisha watoto kusoma. Jumamosi wazazi wote walialikwa, lakini Madame Laurentine alikuwa ameweka sharti moja: programu isiyofanya kazi kwenye mashine za shule haitaonyeshwa. Ngalula alikuwa amekwisha kumpigia Kaku pasi kitenge chake cha sherehe.

Kazi yote waliifanya dukani kwa Tonton Alphonse, mdogo wa baba yake Ngalula, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Ilibaki hatua ya mwisho tu. Sauti, picha na maandishi vilikuwa vipande mbalimbali, na vilihitaji kuunganishwa viwe programu moja. Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine, ambayo wanakilabu waliiita fundi. Unamwandikia fundi orodha: kipande hiki kiko njia hii, kipande kile kiko njia ile. Naye huenda, huchukua, hujenga.

Orodha aliiandika Ngalula. Madame Laurentine alipofundisha jinsi ya kuandika njia za mafaili, aliuliza, "Nani hajaelewa?" Ngalula hakuwa ameelewa vizuri, lakini yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza darasani. Angeinuaje mkono? Alitikisa kichwa kama watu wote. Baadaye, dukani kwa Tonton, aliona mashine yenyewe imeandika njia juu ya dirisha la mafaili kwenye skrini, akainakili kama ilivyo. Fundi wa dukani akajenga bila kulalamika.

Jumatano hiyo Princesse alileta flashi yenye kazi yao, ambayo alikuwa amelala nayo kwao. Waliichomeka kwenye mashine ya shule, wakanakili humo vitu vyote, wakamwita fundi. Fundi alianza, akasimama. Maandishi mekundu yakatokea: faili halipatikani, maji. Faili halipatikani, moto. Mpaka arobaini!

Wenzao walisogea kutazama. Ngalula aliona masikio yake yanawaka moto, na kabla hajafikiri mdomo ukamtangulia.

"Ni Princesse! Flashi ililala kwao. Amefuta sauti za Kaku."

"Mimi?" Princesse alishtuka. "Ngalula, mimi sikuigusa hata. Niliiweka ndani ya kikopo cha sukari ili wadogo zangu wasiichezee."

"Basi nani? Jana dukani ilifanya kazi. Leo imetoka kwenu, haifanyi."

Princesse aliichomoa flashi, akaiweka mbele ya Ngalula. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Madame Laurentine alikuwa upande wa pili akisaidia kundi jingine; alipofika alikuta kiti kimoja kitupu na Ngalula amekunja uso.

Alhamisi baada ya masomo Ngalula alikwenda dukani moja kwa moja. Alichomeka flashi akiwa na uhakika atakuta folda ya sauti tupu. Akaifungua. Maji ilikuwepo. Moto ilikuwepo. Akahesabu mara mbili, kidole juu ya skrini: arobaini kamili, hakuna hata moja iliyopungua.

"Mbona umenyamaza hivyo?" Tonton Alphonse aliuliza, akipanga karatasi.

"Hakuna kitu, Tonton."

Kitu kilikuwepo, tena kizito. Princesse hakuwa amefuta neno lolote. Ngalula alipita mbele ya nyumba ya kina Princesse akirudi, akamwona anaanua nguo kwenye kamba. Alitaka kumwita. Aibu ikamzuia, akapita upande wa pili wa barabara kama mtu anayedaiwa. Jioni alimega bukari, ugali wa kwao, mara mbili tu, akasema ameshiba.

Ijumaa ikafika. Princesse alikaa benchi la nyuma kabisa. Madame Laurentine alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akaketi karibu na Ngalula.

"Nisomee mstari wa kwanza wa orodha yako," alisema. "Kila kipande uniambie maana yake."

Kwenye skrini paliandikwa: C:\Alphonse\mradi\sauti\maji.

Ngalula alikohoa. "C ni komini. Alphonse ni tonton yangu, mwenye mashine. Halafu mradi, halafu sauti, halafu maji."

"C ni nini?"

"Komini, Madame. Kama kwenye adresi ya nyumba. Mimi nilishangaa tu mbona hawakuandika na Q ya karitie iliyo ndani ya komini."

Jeannot, mchekeshaji wa darasa, hakuacha fursa impite. "Komini gani? Ni Kenya ao Kamalondo?"

Darasa likaangua kicheko. Madame Laurentine hakucheka.

"Nyamaza, Jeannot. Kosa hili lina akili kuliko kicheko chako." Akaenda ubaoni, akaandika: Av. Kasombo 27, Q/Luapula, C/Kenya. "Nani hapa hajawahi kuandika barabara, karitie na komini hivi kwenye karatasi ya shule?"

Wote walikuwa wameandika hivyo tangu darasa la kwanza.

"Basi Ngalula ameona C na mstari ulioinama, akafikiri kompyuta nayo ina komini. Nani angemkataza? Lakini C ile si komini. Ni herufi ya diski, yaani sanduku la kuhifadhia vitu, katika mashine ya Tonton Alphonse. Mashine ile inaendeshwa na Windows, na Windows huyapa masanduku yake herufi. Hizi za shule zinaendeshwa na Linux. Hapa hakuna sanduku C, na njia zote huanzia kwenye mzizi mmoja. Tazameni pia mistari. Kule huinamia nyuma, hapa huinamia mbele. Fundi wa shule amepewa adresi ya nyumba iliyoko mji mwingine, tena kwa mwandiko wa mji huo. Angefikaje?"

"Kwa hiyo tuandike orodha mbili, Madame?" aliuliza mmoja.

"Hapana. Njooni mwone."

Wote wakazunguka. Madame alifuta mstari wa Ngalula. Mahali pake hakuandika C, wala Alphonse, wala mstari wowote ulioinama. Aliandika majina tu, kwa mpangilio: sauti, kisha maji, kuanzia kwenye folda ya mradi wenyewe. Aliihifadhi orodha hiyo kwenye flashi, akaifungua pia kwenye kompyuta yake ya mkononi, ambayo ilikuwa ya Windows. Akaziweka mashine mbili kando kwa kando.

"Sasa nitamwambia fundi anionyeshe njia kama anavyoielewa. Orodha ni ileile moja. Angalieni sana."

Akabonyeza huku, akabonyeza na kule.

Mashine ya shule iliandika: sauti/maji.

Mashine ya Madame iliandika: sauti\maji.

Lo! Hata Jeannot alisogea karibu. Ngalula aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Orodha moja, maneno yaleyale, na fundi ameyasema kwa kila mashine kwa lugha ya kwao! Hakuna aliyemwambia mstari uiname wapi. Alifika, akatazama yuko kwa nani, akaandika kama wenyeji wanavyoandika. Alikuwa kama akina mama wa sokoni, wanaomjibu huyu kwa Tshiluba na kugeuka kumjibu yule kwa Kiswahili bila kupumzika. Kitu kidogo hivi, mstari mmoja tu wa kuinama, na ndani yake ujuzi mkubwa namna hii! Nani alikaa chini akaufikiria?

"Na katika mashine zote duniani, Madame?" aliuliza polepole.

"Kila mashine ambayo fundi huyu amefundishwa lugha yake. Wewe mwambie ukweli wa mambo: nini kimo ndani ya nini. Mwandiko mwachie yeye."

Neno lile, ukweli, lilimchoma Ngalula. Angeweza kukaa kimya. Kosa lilikuwa limekwisha kupatikana, na hakuna aliyekuwa akimwuliza juu ya flashi. Aligeuka, akamwona Princesse amesimama nyuma ya wote, akichungulia mabegani mwa wenzake. Naye alikuwa amefumbua macho kwa mshangao.

Ngalula alisimama.

"Princesse hakufuta kitu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Jana niliona sauti zote arobaini ziko kwenye flashi, nikanyamaza kwa aibu. Na siku ile Madame alipouliza nani hajaelewa, mimi sikuwa nimeelewa. Nilinakili tu. Princesse, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba msamaha mbele ya watu."

Princesse alipenya katikati ya wenzake, akaja mbele. "Nilikasirika sana," alisema. "Mpaka kikopo cha sukari nilikipiga teke."

"Sukari ikamwagika?"

"Yote! Mama akanifukuza na ufagio."

Wakatazamana, wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha wakaketi kiti kimoja wawili. Mistari arobaini waliiandika upya, mmoja akisoma, mwingine akichapa. Saa kumi na moja jioni wakamwita fundi. Alianza, akaendelea, akamaliza. Hakuandika hata neno moja jekundu.

Jumamosi Kaku Mbuyi aliingia shuleni na kitenge chake kilichonyooka, mkono juu ya bega la Ngalula. Walimkalisha mbele. Watoto kumi wa darasa la kwanza walikaa kila mmoja mbele ya mashine yake. Princesse alihesabu moja, mbili, tatu, na watoto wakabonyeza picha ileile kwa pamoja.

"Njia," ilisema sauti ya Kaku kutoka mashine kumi.

"Njia!" waliitikia watoto, kila kidole kikifuata herufi kwenye skrini.

Kaku alishika mkono wa Ngalula kwa nguvu.

"Mi niko hapa," alinong'ona. "Sasa nani iko anasema kule?"

"Ni weye, Kaku. Unawafundisha."

Machozi yalimteremka Kaku, naye hakuyafuta. Watoto walibonyeza tena, na tena, na kila mara Kaku alijibu "njia" kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi.

Sherehe ilipokwisha, Ngalula alimsimulia yote: C, komini, flashi, kikopo cha sukari, hata kunyamaza kwake. Kaku alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita na Princesse aje karibu, akawashika wote wawili.

"Sikilizeni, batoto yangu. Kuuliza si ujinga. Mimi sikusoma, lakini hii najua: ukimwelekeza mugeni, usimupe njia ya kutoka kwako, anza pale mwenyewe anasimama. Na siku utapotea, Ngalula, sema nimepotea. Usiseme mwenzako ameiba njia."

"Nimesikia, Kaku."

"Muzuri. Sasa nipeleke kwa ile mashine. Nami nataka kuona neno langu linaandikwa namna gani."

Ngalula na Princesse walimkalisha mbele ya skrini, wakakuza herufi mpaka zikawa kubwa kama viganja. Kaku Mbuyi aliinua kidole, akakiweka juu ya herufi ya kwanza.