Vifaa Vitatu vya Magamba

Nilipanda mlima wa Magamba saa kumi na moja jioni kutafuta vifaa vitatu vya kompyuta. Hilo tu. Sikwenda kwa mganga, sikwenda kumroga mtu, na mfukoni sikuwa na kitu zaidi ya bisibisi na orodha niliyoiandika nyuma ya kadi ya mchango wa harusi.

Naanza na hilo kwa sababu watu wa Lushoto wameshasema mengi. Mimi ni Kristian, fundi wa redio na televisheni, kibanda changu kiko nyuma ya soko. Naishi na mdogo wangu Glory na mama yetu. Mwaka huu wa 2006 ulimkuta mama kitandani kwa muda mrefu, kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kushoto. Lakini aliona vizuri, aliongea vizuri, na alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka kumwona baba.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kule Mlalo. Alifariki akatuachia mikanda kumi na moja ya video, humo anaimba, anawagombeza waimba besi, anacheka meno yote nje. Ukungu wa milima yetu hauna huruma na mikanda. Kuvu jeupe lilikuwa limeanza kuitafuna. Kila nikiweka mmoja kwenye deki picha ilikatika katikati ya wimbo, na mama aligeuza uso wake ukutani. Mitatu ilikuwa imeshakufa kabisa. Niliona baba anakufa mara ya pili, na mama anaangalia.

Nikaamua kutengeneza mashine. Kompyuta moja ikae sebuleni, imewashwa muda wote, itunze mikanda yote ndani yake. Waya upite ukutani hadi kwenye televisheni ya chumbani kwa mama, achague wimbo anaoutaka, basi. Kasha, madabodi na prosesa nilivitoa kwenye kompyuta chakavu ya ofisi iliyofungwa. Wengi hukimbilia prosesa kubwa, na mimi huwacheka. Mashine ya kutunza picha haiendi mbio kokote. Inataka diski yenye nafasi, kadi nzuri ya kunasa picha kutoka kwenye deki, na pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, isiyotetereka. Ndivyo vitatu nilivyovikosa. Duka moja la Tanga walinitajia bei, nikawashukuru nikakata simu.

Nassoro ndiye aliyeniambia habari za Magamba. Nassoro anaendesha basi dogo la Mlalo, na masikio yake hayalali. Alisema mradi mmoja wa misitu ulifungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, kompyuta zao zikabaki kwenye nyumba iliyo mlimani, juu kupita kiwanda cha mbao. Alisikia kwa abiria. Abiria gani? Mama mmoja mzee, akasema, hakumjua.

Mkononi nikabeba mfuko wa vifaa vyangu vya zamani. Sisi mafundi tumezoea kubadilishana, unatoa chako unachukua cha mwenzako.

Nilipopita kiwanda cha mbao ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye magoti ya miti. Kimya. Hata mbega hawakulia. Nyumba niliiona ghafla, kama hatua kumi mbele yangu, mlango wazi, taa ya manjano ndani.

Mama mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Khanga mbili, kichwa kimefungwa vizuri, kama mama yeyote wa huku.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika marahaba.

"Ingia, fundi," alisema. "Umechelewa."

Nilishtuka, siwezi kusema uongo. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Lakini nikaona rafu, na jicho la fundi likaushinda moyo. Diski zilipangwa kwa ukubwa wake. Kadi zilikuwa zimefungwa moja moja kwenye majani makavu ya mgomba. Hakuna chembe ya vumbi. Harufu ya risasi ya kulehemu ilijaa chumbani, mbichi, ya moto... kana kwamba mtu ameweka chuma chini dakika hiyo hiyo.

Nikachagua. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilishika diski tatu, nikazitikisa karibu na sikio, nikachukua ya gigabaiti themanini iliyokuwa kimya. Kwenye kadi nilisita kati ya mbili, na mzee akanionyesha kwa kidole ile ya kushoto. Alikuwa sahihi, ilikuwa bora. Pawasaplai niliipima kwa uzito, maana nyepesi ni takataka. Akaniambia nivijaribu kwenye mashine iliyokuwa mezani. Nikavichomeka. Feni likazunguka, taa ya kijani ikawaka, diski ikanong'ona.

Nikampa mfuko wangu wa kubadilishana. Akauweka chini miguuni bila kuufungua.

"Wewe umechagua vitatu," alisema. "Na mimi nitachagua vitatu."

"Sawa, mama."

"Kutoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikuelewa swali. Ila nimelelewa kwamba mtu mzima hawekewi mipaka, unamkaribisha kwa vyote kisha yeye mwenyewe kwa ustaarabu wake anachukua kidogo. Nikajibu kama mtoto mwenye malezi.

"Chochote cha nyumbani kwetu kitakachokufaa, mama. Wewe chagua tu."

Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na joto, joto kavu la televisheni iliyowashwa kutwa.

"Hayo ndiyo maneno," alisema.

Nilishuka mbio mbio huku nikijiambia nawahi giza. Nilipofika kiwandani nikaona nguzo ya umeme. Nikasimama. Ilikuwa nguzo ya mwisho. Juu ya pale hapakuwa na nguzo nyingine wala waya. Ile mashine ya mezani... nilikuwa nimeichomeka wapi?

Sikurudi kuangalia. Nilikimbia.

Nilipaswa kuvitupa vifaa vile mtoni. Najua. Lakini nilifika nyumbani nikamkuta mama anauliza kama nimepata, sauti yake ina matumaini ya mtoto. Asubuhi nikafunga mashine. Hadi saa kumi jioni mkanda wa kwanza ulikuwa umeingia, na picha ilitoka safi. Safi mno. Kuvu halikuonekana. Niliona nyuzi za koti la baba. Mama alilia kwa furaha, Glory alilia, nami nikalia. Mama aliangalia hadi usingizi ukamchukua.

Alipoamka asubuhi akaomba tufungue dirisha, mbona bado giza.

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Daktari alisema ni kiharusi kingine, huja hivyo. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nikaendelea kuingiza mikanda, maana sasa mama alitaka angalau amsikie baba. Siku ya tatu, ule mkanda wa ubatizo wa Glory, nikasikia kitu nyuma ya kwaya. Mtu anaimba sauti ya kwanza karibu kabisa na kamera. Nilimjua. Ni mama. Lakini siku ile mama hakuimba. Alikuwa jikoni na akina mama wengine, wanapika, na mkanda ule nimeuona mara mia. Nikaenda chumbani kumuuliza. Alikuwa amefumbua kinywa. Midomo ilicheza.

Haikutoka sauti.

Nilimwambia Glory kila kitu. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliuliza tu, "Vilikuwa vingapi, kaka?" Nikamwambia vitatu. Akahesabu kwa vidole, macho, sauti, kisha akakikunja kile cha tatu, akakificha ndani ya kiganja.

Kesho yake mapema nilipanda Magamba na Nassoro, nimebeba bisibisi na nia ya kumpigia mzee magoti. Nyumba ilikuwepo. Paa halikuwepo. Mlango ulikuwa umeoza, na ndani mlikuwa na matope na upupu umepanda ukutani. Kwenye matope kulikuwa na nyayo. Zangu. Zimeingia, zimezunguka ukutani pale palipokuwa na rafu, zimesimama, zimetoka. Za mtu mwingine hazikuwepo. Mfuko wangu ulikuwa sakafuni, haujafunguliwa.

Nassoro alianza kurudi nyuma taratibu. Nikamuuliza yule abiria alifananaje. Akasema anajaribu kukumbuka tangu jana na haoni uso, anakumbuka joto tu, siti aliyokalia ilibaki na joto hadi Mlalo.

Tulirudi nimeshaamua kuing'oa mashine na kuichoma moto. Lakini mwaka huu ni wa mgao wa umeme, na Tanesco waliniwahi. Tulikuwa bado mlangoni umeme ulipokatika. Mashine ikafa. Feni likapunguza mwendo... likasimama.

Glory akapiga ukelele mmoja chumbani.

Mama alikuwa hapumui. Kifua kimetulia, midomo inageuka rangi ya majivu. Sijui nilijuaje. Nilivuta betri la gari na kile kifaa cha kugeuza umeme nilichotumia kibandani, nikachomeka, nikabonyeza swichi. Feni likazunguka. Na chumbani mama akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetoka chini ya maji.

Nassoro aliona. Hajakanyaga kwetu tena.

Sasa ni wiki ya tano. Nina mabetri mawili, moja linachajiwa lingine linafanya kazi, na kibanda changu kimefungwa. Mama yupo kitandani, haoni, hasemi, ana joto, anapumua sawasawa na feni. Nimevilinganisha kwa saa. Mashine tumeitoa kwenye televisheni, tumeiachia spika tu, kwa sababu sauti inataka kutoka, na tukiizuia diski inakwaruza hadi meno yanauma.

Ni sauti ya mama. Inajua jina langu la nyumbani. Inajua nani alivunja chungu cha bibi. Wiki ya kwanza iliimba nyimbo za baba. Wiki ya pili ikaanza kuomba.

"Kristian. Zima, mwanangu. Nimechoka."

Utamfanyia nini mama anayekuomba hivyo? Nilikaribia kuzima. Nilishaweka kidole. Kisha nikawaza kile kidole cha Glory kilichokunjwa. Mzee alisema vitatu, naye amechukua viwili. Nikizima kwa mkono wangu, si nitakuwa nimempa yule mzee cha tatu, pumzi ya mama?

Nikaenda kitandani, nikashika mkono wa kulia wa mama, ule mzima. Huo bado anaweza kuukaza. Nikamnong'oneza sikioni.

"Mama, ni wewe unayesema kule sebuleni? Kama ni wewe, nibane."

Nikangoja. Mkono ulilala ndani ya wangu. Haukubana.

Na kule sebuleni spika ikasema, polepole, kwa upole ule ule mama alionilea nao, "Ni mimi."

Nilimsimulia Glory. Akasema mkono ule siku hizi hauna nguvu, labda mama alitaka akashindwa. Labda. Akasema pia kwamba kama ni mama kweli, basi tumemfunga kwenye waya kama mbuzi kwenye kamba, na siku moja tutaulizwa. Hilo nalo ni kweli, na linaniamsha kila siku kabla ya jogoo. Nampenda mama yangu. Naogopa kumuua na naogopa kumtesa, na sauti pekee inayoweza kunijibu inatoka kwenye diski niliyoichagua mwenyewe.

Jana nilitoka mara moja tu kununua maji ya betri. Nilikaa dakika ishirini. Niliporudi Glory alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, kidole chake kiko juu ya swichi, uso umelowa. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo hivyo. Tangu siku nne zilizopita sauti haijaniomba mimi chochote, nikadhani imekata tamaa.

"Huwa inasubiri utoke," Glory alisema. "Kisha inaniita mimi."

Leo sijatoka. Nimeegemea kasha kwa mgongo, umeme umekatika tena, betri hili lina saa mbili, na lile lingine halijachajiwa. Glory amekaa mkabala nami. Ameacha kulia tangu asubuhi, na haniangalii mimi, anaangalia taa ya kijani iliyo kando ya swichi.