Gari Lililosingiziwa Ugonjwa

Kila alasiri mama alirudi nyumbani na teksi yake ya umeme, akaliegesha gari ubavuni mwa nyumba, akatundika ufunguo kwenye msumari, kisha akajilaza kidogo kabla ya abiria wa jioni. Binti yake, ambaye majirani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea, aliachiwa kazi mbili: kufanya hesabu za shule na kunyamaza.

Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Mdogo wake alilia, feni ikazunguka bila kusaidia kitu. Basi siku moja Chiriku aliutungua ufunguo, akaingia garini na kuwasha kiyoyozi. Lo! Baridi tamu, kimya, na kiti laini. Tangu hapo ikawa mazoea. Mama alipoanza kukohoa akiamka, ufunguo ulikuwa umesharudi msumarini.

Lakini gari lile halikunywa mafuta. Liliishi kwa chaji ya betri, na ubaridi ule ulikuwa unaila.

"Nimeliacha na nusu, sasa lina robo!" mama alishangaa. "Linavuja limesimama, kama mtungi uliotoboka."

Jioni moja likazimika katikati ya mlima, abiria akashuka akinung'unika.

Mambo hayo yalikuja wakati mbaya. Gari halikuwa la mama. Alilikodi kwa kampuni, na mkataba ulikuwa karibu kwisha. Njia zilikuwa mbili: alipe bei iliyobaki liwe lake kabisa, au alirudishe na kubaki bila kazi. Akiba ya kulinunua alikuwa nayo. Moyo ndio uliosita.

"Dada, usijitie kitanzi," mjomba alimshauri. "Ukinunua gari lenye betri iliyochoka, umenunua jeneza lenye magurudumu."

"Basi nitarudi kufua nguo za watu," mama alisema, akaitazama mikono yake.

Chiriku alihisi kama amekwamwa na mwiba wa samaki kooni: kumeza hawezi, kutema hawezi. Akisema, atakiona cha mtema kuni. Asiposema, mama atarudi kwenye beseni.

Asubuhi ya kulirudisha gari, mjomba alikaa mbele na Chiriku nyuma. Mlango wake ulikuwa na kile kifungo cha watoto. Ukishafungwa, haufunguki kwa ndani. Nyumba zilipita dirishani moja moja.

"Chiriku leo amemeza ulimi?" mjomba alitania. "Au unaliaga gari?"

Geti la kampuni likaonekana. Mlinzi akaanza kulisukuma lifunguke.

"Mama, simama!"

Mama akakanyaga breki. "Kuna nini? Unataka kutapika?"

"Betri ni nzima, mama. Mimi ndiye ninayeimaliza. Ukilala, naingia garini nawasha kiyoyozi."

"Tangu lini?"

"Tangu joto lilipoanza. Kila siku. Nisamehe."

Mjomba akageuka, macho yamemtoka. "Mtoto huyu! Yaani mimi nimeshamchimbia kaburi mtu mzima wa afya!"

Mama hakucheka. Aligeuza gari, wakarudi nyumbani.

Alasiri ile mama alilala kama kawaida, ila ufunguo aliuweka chini ya mto. Alipoamka, yeye, mjomba na Chiriku walikwenda kuchungulia. Chaji ilikuwa palepale alipoiacha. Wakaupanda ule mlima, gari likafika juu bila hata kuguna. Kesho yake mama akaenda kulipa, gari likawa lake.

Chiriku alipewa adhabu ya kuliosha kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza, mama alimjia akiwa anasuuza kitambaa.

"Mwanangu, ule ubaridi haukuniudhi sana. Ungeomba, tungetafuta namna. Kilichoniuma ni kwamba uliniacha niamue huku nimefumbwa macho. Ukimficha mwenzio ukweli, anatumbukia shimoni na wewe umesimama pembeni unaliona shimo. Ukikosa, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, mama."

Mama akainama, akakilegeza kile kifungo cha mlango wa nyuma.

"Haya, panda twende. Na leo uongee. Safari bila Chiriku ni ndefu mno."