Mgeni wa Mvua ya Mawe

Mambo yalianza na kikombe. Kinsi na bintiye Mulki walikuwa wawili tu katika kile chumba cha mabati pale Masimba, na chai walikunywa wawili. Sasa hiki kikombe cha tatu, bado kina joto na mashapo ya majani chini, kimetoka wapi?

"Mulki, umekunywa mara mbili?"

"Hapana, mama. Hicho ni cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Si ni yule uliyemkaribisha?"

Kinsi akacheka, cheko la kujikaza. Maana kweli alikuwa amemkaribisha mtu, au alidhani hivyo. Wanaoijua mvua ya Masimba wanajua haina adabu: mchana jua linawaka, mara mawe yanapiga mabati usisikie hata unachowaza. Juzi yake, katikati ya kelele hizo, mlango ulibishwa, na sauti ikasema, "Hodi. Nimefukuzwa. Sina pa kwenda."

Alikuwa anashona pindo la dera la mteja. Jamani, nani angemwambia Kinsi maneno hayo asijibu? Alizaliwa vitani ng'ambo ya mpaka, akalelewa kambini chini ya turubai, na ilipoanza kusemwa kwamba kambi itafungwa, akatoroka bila kibali, mtoto mgongoni. Milango mingapi ilifungwa usoni pake! Akajibu bila kuinua macho, "Karibu." Mlango ukafunguka, ubaridi ukaingia, mtu asionekane. Akadhani ameghairi, akaufunga, akarudi kwenye sindano yake.

Hapo ndipo alipokosea. Mwingine angeuliza kwanza, wewe ni nani? Lakini Kinsi alikuwa ameulizwa swali hilo maisha yake yote, na aliapa kutomuuliza mtu.

Baada ya kikombe ikaja harufu, ya turubai lililoungua kisha likanyeshewa, harufu aliyodhani ameiacha kambini. Akafua mashuka, akachoma ubani, wapi! Mulki naye akaanza kulala amejibana ukutani. "Namwachia nafasi," alisema, na Kinsi alipopapasa katikati ya mkeka akakuta pamebonyea, pana unyevu, na pana baridi ya kuuma vidole. Mtoto akaacha kula. Akaacha na kucheza. Mvua ilipoanza tu kunguruma upande wa vilima, alikaa wima akitazama mlango, akinong'ona na mtu.

Siku ya mawe makubwa kuliko yote, pakawa giza mchana kweupe, na Kinsi, akihangaika kuziba pale mabati yalipokuwa yanavuja, akasikia nyuma yake kikohozi cha mtu mzima, kizito, cha mtu aliyelala nje siku nyingi, akageuka akijua kwamba chumbani hamna mtu ila mwanawe, akamwona Mulki amesimama juu ya mkeka, maji yanamchuruzika toka nywele hadi nyayo ilhali hakuwa ametoka nje, midomo imekuwa ya bluu, na kile kikohozi kinatoka kifuani mwake. Kinsi akapiga mayowe, mvua ikayameza.

Sheikh Hafiz, aliyeitwa kwa simu, alikuja kutoka Kisii mjini mvua haijakatika. Alikuwa mzee mpole, mwenye kuvua viatu taratibu hata penye haraka. Akamsomea Mulki, akampulizia maji, kisha akauliza kama wanavyoulizwa majini siku zote.

"Jina lako nani? Umetoka wapi? Nani amekuruhusu kuingia?"

Kinsi akashtuka. Maswali yaleyale! Ni hayo aliyoulizwa kila ofisi, kwa mpangilio uleule.

Midomo ya Mulki ikafunguka, ikatoka sauti ya mtu mzima. "Nilikaa kwenye chemchemi, chini ya mikaratusi. Ikaletwa trekta, chemchemi ikafukiwa, wakamwaga kokoto. Nimebisha milango yote ya barabara hii. Huyu mama peke yake ndiye aliyesema karibu."

"Toka kwa mtoto."

"Niende wapi?"

Sheikh akamnong'oneza Kinsi, "Binti yangu, huyu hakuvunja mlango. Aliyeingia kwa kuambiwa karibu hatoki kwa kisomo peke yake. Mfukuze wewe."

Kinsi akapiga magoti. "Toka. Toka kwangu, nakuomba."

"Kwako ni wapi?" Haikuwa kejeli. Iliuliza kwa huruma, na huo ndio ubaya wake. "Nionyeshe mahali pako, nitatoka."

Kinsi akainua mkono aonyeshe. Wallahi, dunia nzima hakuna kipande cha ardhi alichoweza kukielekezea kidole akasema, hapa. Na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo pumzi ya Mulki ilivyopungua, moja, kimya, nyingine, kimya kirefu zaidi.

"Basi mwenye nyumba," Sheikh akasema. "Aitwe, upesi!"

Kinsi aliyajua matokeo. Mzee Ombui alimpa chumba bila kudai kitambulisho, kwa sharti moja tu: asilete vurugu. Akimwita leo, leo hii hana paa. Akamtazama mwanawe. Akampigia simu.

Ombui alifika na gambuti zake, akabaki kizingitini. "Nyasae, Mungu wangu! Nifanye nini mimi?"

"Sema nyumba ni ya nani, kisha umfukuze," Sheikh akamwambia.

"Hii nyumba ni yangu!" Ombui akapaza sauti, macho kafumba. "Nilijenga na mikono yangu. Kila mtu hapa ndani, toka! Wote!"

Mlango ukajibamiza ukutani. Mulki akaanguka mikononi mwa mama yake, ana joto, analia kwa sauti yake mwenyewe. Kinsi akambusu macho, akambusu viganja, huku akicheka na kulia. Kisha akamwona Ombui bado amesimama.

"Na sisi, mzee wangu?"

"Mama Mulki, sina ubaya na wewe. Lakini nimesema wote. Nikirudisha hiyo neno, si yeye pia atarudi?"

Sheikh aliwapa shuka lake.

Wakatoka na mafurushi yao kwenye mvua, wakapita kituo cha matatu, wakaingia njia ya mashamba ya chai, wakibisha. Nyumba moja ilizima taa. Nyingine ilifungulia mbwa. Meno ya Mulki yalikuwa yanagongana, na kikohozi kimemrudia, safari hii chake mwenyewe, ndipo walipoona nyumba yenye moshi jikoni.

"Hodi," Kinsi akaita. "Tumefukuzwa. Hatuna pa kwenda."

Mjane mmoja, Bitutu, akafungua, ameshika kibatari. Hakuuliza jina. Akakiinua, akawatazama kwa huruma, mmoja baada ya mwingine.

"Maskini. Haya, ingieni nyote watatu, mtakufa na baridi."

Kinsi akasikia harufu ya turubai lililoungua, karibu kabisa, begani kwake. Hakugeuka. Neno moja tu lilihitajika: funga, mama, funga mlango. Alikuwa nalo ulimini. Mulki akakohoa, akamkumbatia kiunoni.

"Asante, mama," Kinsi akasema. "Mungu akubariki."

Akajibana kando ya mlango, akapisha.