Jina la Msimamizi

Asubuhi ile ukumbi wa Baraza, ile ofisi inayotoa na kunyang'anya vibali vya famasi zote mjini, ulikuwa umefurika watu hadi ngazini. Viti vilikuwa vimeisha tangu mapema. Feni mbili za darini zilizunguka kivivu na kusukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine.

Dada Dawa, kama majirani walivyozoea kumwita, alikuwa amesimama kwenye ngazi, simu sikioni, sauti ameibana. Alivaa gauni jeusi la msiba lililoanza kupauka mabegani, na chini raba, kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Aliyekuwa akizungumza naye ni kaka yake mkubwa.

"Mdogo wangu, unajitafutia makubwa," kaka alisema. "Cheti cha baba kiko ukutani, picha yake iko ukutani. Wateja wanakuja. Nani atajua kwamba amekufa?"

"Tumemzika mbele ya mtaa mzima, kaka."

"Mtaa si Baraza."

"Nikikosa kuhudumiwa leo nitakaa hapa chini nilie," alisema, akakata simu.

Aliporudi ukumbini, namba yake, sabini, ilikuwa imeshaitwa. Lakini dirishani alisimama mwanamume mrefu, shati la samawati lililopigwa pasi vizuri ingawa kola imelika, bahasha kubwa ya kaki kwapani. Alikuwa ameliziba dirisha kwa mwili wake wote, asipite mtu.

"Sabini huyu hapa," alimwambia karani. "Nilikwambia anakuja."

Dada Dawa alimtazama. "Nani kakutuma uniwekee nafasi?"

"Hakuna. Nimesikia unamwambia mtu kwamba utakaa chini ulie. Nikaona tusifike huko."

Karani, mama mmoja mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, akavuta fomu. Mmiliki wa awali? Baba, marehemu. Mfamasia msimamizi? Baba huyohuyo.

"Kwa hiyo mmebaki bila mwenyewe na bila msimamizi."

"Wenyewe ni mimi na kaka yangu. Msimamizi ndiye sina."

"Ni siku thelathini tangu kifo. Zimebaki tisa. Ukishindwa kuleta jina, unafunga."

Dada Dawa alitoka nje akiwa na fomu iliyojazwa nusu. Yule mwanamume alimkuta ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Mimi ni mfamasia," alisema. "Hii ni mara yangu ya nne kuja hapa. Niliacha kazi kwenye famasi moja miezi tisa iliyopita, na mwenye duka hajaliondoa jina langu. Dawa zinatoka kwa jina langu, na mimi sijui zinakwenda kwa nani. Leo wameniondoa rasmi. Kwa hiyo wewe unatafuta jina, na mimi la kwangu halina kazi."

"Hata hunijui."

"Umekwenda dirishani ukasema baba amekufa. Wengi wangemwacha ukutani aendelee kuuza."

Dada Dawa alicheka kidogo, bila kupenda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya saba jina la Mfamasia liliwekwa ukutani, kando ya picha ya marehemu. Alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Alipima joto la friji asubuhi na jioni na kuliandika kwenye daftari, akatoa dawa zilizopitwa na wakati hadi nyuma kabisa ya rafu za mbao, kila karatasi akaitia kwenye bahasha yake na kuiandika jina. Dada Dawa akambatiza Bwana Bahasha. Yeye alimwita Sabini, na hakuna mteja aliyejua kwa nini.

"Sabini, umekula?" alikuwa akimpigia simu kila magharibi, baada ya kufunga.

"Nimekula."

"Nini?"

"Usiingie kwenye mambo madogo."

"Basi hujala."

"Nimekunywa chai. Chai nayo inashuka tumboni kama chakula kingine."

"Nitakuja kuikagua hiyo chai."

Alikuwa amewahi kuoa. Yeye na mkewe waliachana bila ugomvi. Walichoshana tu, alisema, kama watu wawili waliobeba kabati moja ngazi nyingi mno. Dada Dawa naye alikuwa na miaka thelathini na sita, na wachumba walikuwa wakija na kuondoka huku akimhudumia baba, kisha mama. Kati ya hao wawili hakuna aliyekuwa na nguvu za kuigiza. Jioni moja, wakihesabu vidonge, Mfamasia alisema bila kuinua kichwa, "Nadhani nakupenda. Mia na ishirini." Dada Dawa akaandika mia na ishirini kwenye daftari. Kisha akasema, "Na mimi pia." Wakaendelea na pakiti iliyofuata.

Mwezi wa tano mama alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Dada Dawa akahamia hospitali. Alilala kwenye kiti, aliamkia kwenye kiti, na simu aliizima wodini kwa sababu muuguzi wa zamu hakutaka kusikia mlio wowote karibu na mitungi ya oksijeni. Duka alimwachia kaka yake aendeshe, na Mfamasia asimamie.

Jumatano ya wiki ya pili mama alianza kupumua vizuri. Dada Dawa akaomba ruhusa ya saa mbili, akatoka ili apite dukani na kubadilisha nguo.

Mlango wa famasi ulikuwa umefungwa. Pale kwenye kitasa palikuwa na lakiri nyekundu, na juu yake karatasi ya Baraza. Aliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza maneno hayakuingia. Famasi imefungwa kwa kubadilisha saa za kazi bila kutoa taarifa na kuuza dawa bila msimamizi kuwapo. Chini yake: *kufuatia taarifa ya maandishi ya mfamasia msimamizi.*

Kaka alikuwa amesimama barazani, mikono kiunoni.

"Huyo ndiye uliyetuletea," alisema. "Nilifungua Jumapili mbili tu. Watu wanaugua Jumapili pia. Badala ya kuongea na mimi kiume, kakimbilia kuandika barua."

Dada Dawa aliwasha simu. Palikuwa na ujumbe mwingi. Hakusoma hata mmoja. Alipiga.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi," Mfamasia alisema. "Nilikupigia, Sabini. Mara nne."

"Hospitali ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu."

"Hapo umenishika," alisema. "Nilipaswa kuja. Nilifika mpaka getini, nikawaza una mzigo wa mama, nisikuongezee. Nikarudi."

"Ukaenda kunifungia duka ili usiniongezee."

"Nisikilize kidogo, kuna mtoto mmoja..."

"Nimechoka kusikiliza. Mama ananisimulia ndoto zake, kaka ananisimulia hasara, daktari ananisimulia mapafu. Baba kakaa hapa miaka ishirini na sita hajafungiwa hata siku moja. Wewe miezi mitano."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo leo."

Alikata, akaizuia namba yake. Kisha akarudi wodini akiwa bado na nguo zilezile. Alikuwa amesahau kubadilisha.

Mama alitoka hospitali baada ya wiki. Alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa umerudi.

"Yule wa bahasha mbona haonekani?" aliuliza akiwa kitandani.

"Alitushitaki Baraza, mama."

"Alikosea, au alisema kweli?"

"Mama, kunywa dawa."

"Nakunywa. Nimeuliza tu." Akameza, akakunja uso. "Baba yako alikuwa hivyohivyo. Mwaka tuliohamisha duka kutoka ng'ambo ya barabara, alikataa kuuza hata panadoli mpaka waandike anuani mpya. Barabara moja tu. Nilimnunia mwezi mzima."

Siku ya kusikilizwa shauri, kaka alivaa suti ya arusi yake, iliyombana tumboni. Dada Dawa alivaa gauni la kijivu na viatu vya kawaida. Miguu ilikuwa imepungua. Walikaa mbele ya meza ya mkaguzi mkuu, mwanamke wa makamo aliyeonekana kuchoka kama wao. Mfamasia hakuwapo. Alikuwa ameshahojiwa wiki iliyotangulia, mkaguzi alisema. "Barua yake iko hapa, nitaisoma."

Aliisoma kwa sauti moja, bila kupandisha wala kushusha. Mfamasia aliandika kwamba famasi imeongeza siku ya Jumapili kinyume cha kibali. Kwamba yeye ndiye msimamizi, na kutojua si kisingizio, kwa hiyo kosa alichukue yeye. Kwamba mmiliki mmoja alikuwa hospitali akimuuguza mama yake, hana habari, na anaomba asiadhibiwe. Kwamba Jumatatu mama mmoja alileta chupa ya dawa ya kifafa aliyouziwa jana yake kwa ajili ya mwanawe wa miaka mitatu, imeandikwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto alikuwa amelala tangu usiku na haamki vizuri. Alimpeleka hospitali mwenyewe. Mtoto amepona. Halafu alikaa na rejesta, akatafuta kila aliyenunua dawa Jumapili zile mbili, akawafuata majumbani. Walikuwa kumi na saba. Kumi na sita aliwakuta wako salama. Wa mwisho amehama, na bado anamtafuta.

Mkaguzi akaishusha karatasi. "Angeficha, na sisi tukaja kugundua wenyewe, kibali chenu kingefutwa. Sasa nauliza kitu kimoja. Dawa ya yule mtoto alitoa nani?"

Dada Dawa alimgeukia kaka yake. Kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Lebo niliiandika mimi."

Uamuzi ulikuwa mfupi. Famasi ingefunguliwa mara tu msimamizi mpya atakapopatikana. Kaka angebaki mmiliki mwenza, lakini asiendeshe duka wala asikaribie rafu, na mabadiliko hayo yaandikwe. Mfamasia amesimamishwa usimamizi popote pale kwa miezi sita, kwa kuwa mwenyewe aliomba kubeba kosa.

Kwenye korido kaka alifungua kifungo cha suti. "Sikujua," alisema. "Yule mtoto. Wallahi sikujua."

"Hukuuliza, kaka."

"Hakuniambia kwamba amempeleka hospitali mwenyewe. Alikuja akasema nifunge Jumapili. Nikamwambia yeye ni mwajiriwa, akiandika barua aandike na ya kuacha kazi." Akajifuta uso. "Mpigie."

Dada Dawa alifungua namba ile aliyokuwa ameizuia. Simu iliita mara moja tu.

"Umekula?" aliuliza yeye, kabla mwenzake hajasema kitu.

"Nimekunywa chai," sauti ilijibu.

"Basi hujala." Akaegemea ukuta wa korido, watu wakimpita na mafaili yao. "Nimesomewa barua. Ningekusikiliza siku ile ningeijua mapema."

"Na mimi ningepita lile geti ungesikia kutoka kwangu, si kutoka mlangoni. Hilo halijafutika kwa barua."

"Halijafutika. Nilikuwa nimechoka, na bado nimechoka, lakini sijachoka na wewe."

"Nimekutafutia msimamizi," alisema. "Nilisoma naye chuo. Mkali kuliko mimi."

"Haiwezekani."

"Utaona. Anafika kesho saa nane mchana. Nikija asubuhi kukukabidhi vitabu, utanifungulia?"

"Njoo."

Kesho yake Mfamasia alikuja saa nne, mara tu baada ya mkaguzi kulipokea jina la msimamizi mpya, kuibandua lakiri na kuondoka. Shati lilikuwa lilelile la samawati, kola imebadilishwa. Walipanguza vumbi la wiki tatu bila kuongea sana, mlango umerudishwa nusu, jua likiingia kwa mstari sakafuni. Akashusha cheti chake ukutani, akakitazama, akakitia kwenye bahasha.

"Miezi sita utakula nini?" Dada Dawa aliuliza.

"Chuo kimenipa vipindi. Nitafundisha watoto kusoma lebo." Akasafisha mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Sasa mimi si msimamizi wako, wala si mwajiriwa wako. Nilingoja iwe hivyo. Sina maneno mazuri, nimelala kwa saa nne tu tangu juzi. Nataka nikuoe. Nataka tuchoke nyumba moja."

Dada Dawa aliketi kwenye kiti cha baba yake nyuma ya kaunta. Mwili wake wote ulikuwa umelegea, kana kwamba mtu alikuwa amemtua mzigo ambao hakumbuki aliubeba lini.

"Unataka jibu sasa hivi?"

"La, hata kesho."

"Ndiyo," alisema. "Lakini nikianza kuongea zaidi nitalia, na sina nguvu ya kulia. Niache nifumbe macho dakika kumi. Halafu tukamwambie mama."

"Lala."

Alilaza kichwa juu ya mikono yake, pale kwenye kaunta, na kabla Mfamasia hajapata pa kuketi alikuwa amekwisha lala. Mfamasia akavua koti lake, akamfunika mabega, akavuta stuli akaketi karibu.

Dakika kumi zilipita, kisha saa nzima. Mzee mmoja alichungulia mlangoni, karatasi ya daktari mkononi.

"Mmefungua?"

"Bado, mzee," Mfamasia alinong'ona. "Msimamizi anaingia saa nane."

"Kwani wewe si wa hapa?"

"Kwenye dawa, hapana. Mimi ni wa huyu."

Mzee alimtazama aliyelala, akamtazama aliyeketi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaurudisha mlango bila kuubamiza, akaenda kungoja barazani.